Jina Nililokuvisha

Mabwerebwere, Kilosa
Alhamisi, alasiri

Mwanangu Damari,

Hukufeli mtihani wa darasa la saba.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu nikitanguliza salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Najijua. Miaka kumi na mitatu nimezunguka. Lisome tena, kisha uendelee na mengine.

Sasa salamu. Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuagwa na kwaya, na hapa nyumbani nimebaki mimi na sanduku lako lililofungwa kamba katikati ya sebule. Tangu juzi mama yako anakuusia: mambo ya jiko, ya mama mkwe, ya dawa za kubeba, ya kuvaa sweta ndani ya ndege. Nimemsikia. Yote ni kweli, na mimi sina la kuongeza. La kwangu ni moja tu, nalo ni la makaratasi.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuwa mwalimu mkuu kule upande wa Kidete. Ndiyo miaka milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikaruhusiwa, na mshahara wa mwalimu ukawa unakwisha kabla mwezi haujapata meno. Kila mwalimu akatafuta mradi. Mmoja alifuga kuku, mwingine mkewe alikaanga vitumbua vikauzwa shuleni. Mimi nilishika mitumba. Nilikuwa nakwenda Morogoro nanunua belo la nguo za watoto, narudi nalo kwa treni, mama yako anazimwaga kwenye turubai siku ya mnada. Gauni lako la bluu lenye mfuko kifuani lilitoka humo. Ulilipenda sana.

Wiki ambayo fomu za watahiniwa wa darasa la saba zilitakiwa ofisi ya elimu hapa Kilosa, mimi nilikuwa Morogoro nangoja belo. Nikasema si kitu, nitazijaza kwenye treni nikirudi, nishuke Kilosa nizikabidhi. Zilikuwa namba arobaini na moja. Nikaweka daftari mapajani, nikaanza kuandika. Namba kumi na saba alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Tulipofika Kimamba treni ikasimama, wapagazi wakafungua behewa la mizigo, nami nikashuka mbio nikalisimamie belo langu lisije likashushwa na la mwingine. Niliporudi kitini nikaendelea kuandika. Niliendelea na namba kumi na tisa.

Kumi na nane ulikuwa wewe.

Siku ya mtihani, msimamizi kutoka shule nyingine aliniita nje. "Mwalimu mkuu, kuna mtoto mmoja ndani hayumo kwenye orodha." Nikachungulia dirishani. Ulikuwa umekaa dawati la tatu, umeshachonga penseli mbili, unangoja. Nikamwambia msimamizi, "Mpe karatasi afanye. Nitarekebisha ofisini." Akakupa. Ulifanya mtihani wote, masomo yote, ukatoka unacheka, ukaniambia hesabu zilikuwa rahisi kuliko zile nilizokuwa nakupa nyumbani.

Kurekebisha kulikuwa na njia yake. Ilinipasa niende ofisini, nieleze fomu zilijazwa wapi, nani alizijaza, na mawazo yake yalikuwa kwenye mzigo gani. Nilikwenda mpaka mlangoni. Nikasimama pale na kofia mkononi, nikaona foleni, nikajiambia nitarudi kesho. Sikurudi. Karatasi yako haikusahihishwa na mtu yeyote, Damari. Haikuwa na mwenyewe.

Majibu yalipotoka nilikuambia, "Jina lako halikutoka." Unajua watu wa huku wanavyosema hivyo. Wewe ulielewa kama kila mtoto anavyoelewa: umefeli. Na mimi nikaona nimesema kweli, maana kweli jina halikutoka. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na siku hiyo niliona lugha inavyoweza kumfichia mtu aibu yake.

Ulikwenda kwa bibi yako mlimani, ukashika jembe. Bibi alinisimulia ulichomwambia: "Bibi, mimi kichwa changu kizito, nipe kazi ya mikono." Neno hilo hukuliacha. Ulilisema ulipokuwa sekondari ukishika nafasi ya nne darasani. Ulilisema kwenye kozi ya uchapaji. Nilimsikia mchumba wako Noeli akikucheka kwa upendo pale Mikumi, anasema mbona unapiga mashine kuliko katibu wa meneja wake, nawe ukamjibu, "Mazoea tu. Mimi si mtu wa akili." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Ningeweza kukiweka chini nikasema. Nilikunywa.

Sasa sehemu unayoijua, lakini nitaiandika kwa upande wangu.

Nilipoona umeshika jembe, niliogopa. Sikukuhurumia kwanza, niliogopa. Nikaenda kwa rafiki yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bondeni upande wa Tindiga. Nikamwambia nataka binti yangu arudie darasa. Kurudia kulikuwa marufuku, lakini kila mwalimu alijua njia ya uani: unamwingiza mtoto kwa jina la aliyetoroka. Akafungua daftari la mahudhurio. Akapitisha kidole, akasimama. "Huyu hapa. Msichana wa wafugaji. Baba yake amehama na ng'ombe, muhula mzima hajaonekana. Kabula Masanja."

Basi. Nikakufundisha jina kama ninavyofundisha shairi. Wewe nani? Kabula. Baba yako? Masanja. Mlitoka wapi? Usukumani. Ulikuwa na miaka kumi na minne na uliniuliza swali moja tu: "Baba, na mwenyewe akirudi?" Nikakujibu, "Wale hawarudi."

Ukafaulu kwa jina la Kabula. Ukasoma sekondari kwa jina la Kabula. Kazi ukapata kwa jina hilo, pale mapokezi ya nyumba ya wageni Mikumi, nyumba hizo zilipoanza kuota kando ya barabara kuu kama uyoga. Nyumbani ulikuwa Damari, kanisani Damari, ukipanda gari kwenda kazini unakuwa Kabula. Nilizoea. Naona hata wewe ulizoea, mpaka alipokuja Noeli.

Sitakuficha kwamba sikumpenda mwanzoni. Fundi wa pampu za kumwagilia miwa, mtu wa Morisi, kisiwa ambacho nilikuwa nakichora ubaoni kama nukta na kupita. Lakini alikuja na adabu. Alimleta dereva wa kampuni yao, Mpogoro mmoja wa Kidatu, awe mshenga, na yeye mwenyewe akainama, "Shikamoo, Mwalimu," kwa Kiswahili chake cha karakana. Nikaitika marahaba kwa shingo upande. Mshenga akasema, "Mwalimu, huyu kijana kwao ni mbali lakini mambo yake ni karibu." Mama yako alicheka hadi akajifuta machozi. Ndoa ikakubalika siku hiyo hiyo. Iliyobaki, tukaambiwa, ni makaratasi tu.

Makaratasi tu! Kwao walitaka cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, barua ya kuthibitisha hujaolewa, na vyote viwe na jina moja. Wewe ulikuwa na cheti cha ubatizo cha Damari binti Yeremia, na cheti cha kidato cha nne cha Kabula Masanja. Nikakuambia niachie mimi. Nikaenda Morogoro kwa wakili mmoja, nikala kiapo kwamba Kabula ni jina la utani ulilopewa na bibi mzaa mama, na Masanja ni jina la mjomba aliyekulea. Bibi yako mzaa mama hakuwahi kumwona Msukuma mpaka uzeeni. Wakili hakuinua macho. Aligonga muhuri, akasema, "Anayefuata."

Ukapata cheti cha kuzaliwa, ukapata pasipoti, tukamtumia Noeli nakala. Miezi mitatu baadaye akaja hapa, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, na bahasha ya serikali ya kwao mkononi. Viza imezuiwa. Walikuwa wameandika shuleni kuuliza, na shule ikajibu ilichokuwa nacho: Kabula binti Masanja, baba mfugaji, kabila Msukuma.

Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye stuli. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Noeli hakukaa.

"Dama," alisema, "kiapo kinasema Masanja ni mjomba, shule inasema ni baba. Kwetu mwanamke anabeba jina la mume. Masanja ni mume wako?"

"Hapana! Sijawahi kuolewa."

"Basi ni nani?"

Ulinitazama. Ilikuwa kama kupepesa jicho tu, lakini uliniangalia, na mimi nilikuona. Ulikuwa unanipa nafasi. Nikashika miwani yangu nikaanza kuifuta kwa pindo la shati.

Ukageuka kwake. "Ni jina la mtu. Nilifeli shule, nikachukua jina la msichana mwingine nikarudia. Nilifanya mwenyewe."

"Mwenyewe? Na miaka kumi na nne?"

"Mwenyewe."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba, naweza kusema hivyo sasa. "Mwalimu. Wewe ulijua?"

Ulikuwa umenikinga kwa sababu ningefukuzwa kazi. Ulijua bado miaka michache nistaafu. Kitu kidogo nilichotakiwa kufanya kilikuwa kunyamaza, na hata hicho kingekuwa dhambi. Lakini mimi sikunyamaza. Nilisema, "Watoto, Noeli, wana mambo yao."

Nimeyaandika maneno hayo ili uyaone kwenye karatasi kwa mkono wangu. Hujawahi kunikumbusha. Mama yako ndiye aliyenikumbusha, jioni hiyo, alipoweka ugali mezani akaenda kula kwa jirani. "Yeremia," alisema akiwa mlangoni, "huo ualimu wako utazikwa nao."

Noeli alirudi kazini. Mkataba wake ukaisha, akarudi kwao, hakuandika. Wewe ukarudi Mikumi. Kila mwisho wa mwezi ulikuja nyumbani na mkate na sukari, ukanisalimia shikamoo baba, ukafagia uwanja, ukaondoka. Heshima yako haikupungua hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Ungenitukana ningepata cha kujibu.

Siku niliyokuja Mikumi bila taarifa, unaikumbuka. Nilikaa pale mapokezi kama mgeni. Mwajiri wako alipita akasema, "Kabula, mhudumie mzee." Ukaitika "Ndiyo bosi," ukaniletea chai, na kifuani ulikuwa na kibao chenye jina hilo.  Nilikuwa nimekuzaa, nimekubatizisha, na sasa nilikuwa naletewa chai na mtu mwingine.

Nikakuambia nataka kusema ukweli. Nikakuambia pia gharama yake: cheti chako cha kidato cha nne kitafutwa, na kazi hii inaweza kwenda nacho. Ulipanga vijiko kwenye sinia, kimoja kimoja. Kisha ukasema, "Andika, baba. Cheti si changu."

"Na Noeli asiporudi?"

"Asiporudi nitakuwa na jina langu."

Halafu ukaniuliza, "Na wewe je, kazi yako?" Mpaka dakika ile ulikuwa unaniwazia mimi.

Safari ya Tindiga nilikusimulia kwa kifupi tu. Nilikwenda kwa baiskeli kumtafuta mwenye jina, tope la mbugani limeshika magurudumu mpaka nikaibeba mimi badala ya yenyewe kunibeba. Nilimkuta mwanamke wa umri wako anageuza mpunga juani, mtoto mgongoni na mwingine anamshika kanga. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo." Nikaitika. Nikamuuliza kama yeye ndiye Kabula Masanja.

"Mimi ndiye," alisema. "Ila ofisini wananikataa."

Nikakaa chini, nikamwambia jina lake nililichukua mimi nikampa binti yangu. Alinieleza bila haraka, mikono inageuza mpunga. Kijiji kilimchagua aende mafunzo ya wahudumu wa afya, kwa sababu ndiye anayezalisha wanawake wa kitongoji kile. Alipokwenda na barua ya mwenyekiti, karani alitazama kumbukumbu za shule akakuta Kabula Masanja amemaliza, amefaulu, amekwenda sekondari. Wakamwambia, "Mama, acha kujipachika jina la msomi."

Kisha akanieleza hili, ambalo nilikuficha. Waliporudi na ng'ombe mvua zilipoanza, siku ya kwanza tu alikwenda shule. Alikuwa amelowa tangu mtoni. Mwalimu akasoma mahudhurio. "Kabula Masanja." Akaitika. Na msichana mwingine akaitika. Darasa likacheka. Mwalimu akamtoa nje, akamwambia nafasi yake imejazwa, aende nyumbani akaolewe.

"Yule mwingine alikuwa mwanao?" aliniuliza.

"Ndiye."

"Hakucheka," alisema Kabula. "Wote walicheka, yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa."

Sijui kama siku hiyo unaikumbuka. Kama unaikumbuka, basi umeibeba peke yako miaka yote hii, na hilo nalo ni langu. Hukurudi nyumbani ukaniambia mwenyewe amerudi. Labda ulijua ningekujibu nini.

Akaniuliza ulisoma ukafika wapi. Nikamwambia kidato cha nne. Akageuza mpunga wote mpaka mwisho wa turubai ndipo akasema, "Basi angalau jina lilifika."

Nilimwomba twende kwa hakimu tukaape ukweli wa majina, akakubali kuja, kwa sharti moja. "Kwanza utasema pale shuleni, mbele ya wazazi. Palepale nilipochekwa."

Nilisema, Damari. Mkutano wa wazazi, darasa limejaa, wengine wamesimama madirishani. Nilisema nani alifanya nini. Nilitegemea kelele, na kelele ningeziweza. Badala yake, Mzee Masanja akasimama nyuma kabisa, fimbo mkononi. Akasema, "Mwalimu, ng'ombe wangu akiibiwa nafuata nyayo. Jina la mwanangu ningefuata nini?" Akakaa. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Mengine unayajua. Hakimu alitusikiliza sote watatu, kiapo cha kweli kikaandikwa. Ofisi ya elimu wakaniondoa ukuu wa shule, kisha wakanistaafisha kabla ya wakati. Cheti chako ulikipeleka mwenyewe kikiwa kwenye nailoni, hakina hata kunjo, na karani akakigonga muhuri mwekundu wa BATILI mbele ya macho yako. Mwajiri akakupa mwezi mmoja uondoke. Nikamwandikia Noeli kurasa sita na nakala ya kiapo. Akakaa nazo muda mrefu. Barua yake ilipokuja haikuwa kwangu, ilikuwa kwako, na hukunisomea. Ulisema tu, "Anaomba faili lifunguliwe tena." Mpaka kibali kikatoka, mwaka mzima na zaidi ulikuwa umeliwa.

Kwa hiyo nimekurudishia jina na nimekunyang'anya shule. Unakwenda ugenini na pasipoti safi na mikono mitupu. Nimelipima jambo hili kila upande, sijaona upande ambao mimi natoka vizuri.

Na bado. Kile kiapo cha kweli, kile ulichosoma pale mahakamani ukatikisa kichwa kukubali, kina mstari mmoja wa uongo. Nenda ukurasa wa kwanza, mstari wa nne: "baada ya binti yangu kushindwa mtihani." Niliambiwa nieleze sababu ya kutafuta jina, kalamu ikaandika yenyewe. Hata siku ya kukiri, nilikiri kosa la kubadilisha jina nikaacha lile la treni, kwa sababu la jina lilikuwa na sura ya baba anayempenda mwanawe. La treni halina sura yoyote. Ni la belo la nguo.

Mama yako hakulijua mpaka jana. Nilimwambia jikoni. Akafunika sufuria, akasema, "Mwandikie. Usimwambie kwa mdomo, mdomo wako una kona nyingi." Ndiyo maana unasoma haya.

Jumanne nilirudi kwa hakimu nikala kiapo kingine, kifupi, cha namba kumi na nane. Kimo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyako. Uhamiaji hawakihitaji, hakikubadilishii lolote. Nimekitia ili siku ukimwambia mtu kwamba kichwa chako ni kizito, uwe unajua unasema uongo.

Nilijiapiza sitakuhubiria. Lakini nimeishi na makaratasi, niruhusu haya mawili matatu. Kule kibali chako kitaandikwa kuwa wewe ni mke wa Noeli, na mwaka hadi mwaka yeye ndiye atakayetia saini. Pasipoti yako ishike mwenyewe. Usiiweke kwenye droo yake hata akikuambia ni salama zaidi. Noeli ni mtu mwema. Hata mimi nilikuwa baba mwema.

Fomu usiyoielewa lugha yake, usitie saini kwa aibu. Waambie wakusomee. Wakikasirika, wakasirike na wakusomee. Nimewaona watu wazima wakitia dole gumba juu ya maisha yao kwa sababu foleni nyuma ilikuwa inaguna.

Na ukikosea, maana utakosea, kaseme siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo linaingia mlangoni. La kwangu lingesemwa wiki ile pale ofisini, ningepewa barua ya onyo na wewe ungefanya mtihani wako mwakani kwa jina lako. Kabula angerudi kutoka kwenye ng'ombe akakuta dawati lake. Karatasi moja ya onyo. Sasa tazama.

Lakini nisiloweza kuisamehe nafsi yangu ni lile la stuli. Usimkinge mtu namna hiyo tena, mama. Si mume, si mtoto, si mimi. Uliposema "nilifanya mwenyewe," ulidhani unanibeba. Nilikuwa nimekukalia.

Sasa la kesho. Umekuwa ukiniuliza kama nimeshachukua nafasi ya kukaa kwenye gari la kwenda Mikumi, na mimi najibu nitaona. Sitakuja, Damari. Mama yako na mjomba wako ndio watakaokusindikiza mpaka upande basi la Dar es Salaam. Nilishindwa kukuambia usoni.

Kesho saa mbili asubuhi kuna usaili wa wahudumu wa afya hapa mjini. Kabula ameitwa tena. Kumbukumbu za shule hazijasahihishwa bado, barua inazunguka ofisini kama barua zote, na wamemwambia aje na mtu aliyehusika, atakayesimama athibitishe kwa mdomo. Mwalimu wake amekufa. Baba yake hawamsikilizi. Nimebaki mimi. Nilipopata habari kwamba ni siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, nilitaka kuomba isogezwe. Nikavaa viatu kabisa. Halafu nikaona nimefika mlangoni tena na kofia mkononi, naona foleni, nataka kurudi kesho.

Najua utanitafuta kituoni. Najua mama yako atasema baba ana kazi, na wewe utasema haya, kwa ile sauti yako. Nimekukosea mara nyingi kwa kujijali mwenyewe; hii ya kesho nakukosea kwa ajili ya mtu mwingine, na inauma zaidi, maana nilitaka sana kukuona ukipanda.

Ukijisikia kuniandikia, andika. Usipojisikia, mwandikie mama yako, atanisomea yanayonihusu. Mwambie Noeli nimeitika salamu zake zote, na safari hii shingo yangu imenyooka.

Basi lako likifika Doma, mimi nitakuwa mbele ya meza ya watu watatu wasionijua. Watauliza, "Mzee, huyu mama unamfahamu?" Nitawaambia namfahamu. Watauliza jina lake nani, na nitalisema lote, la kwake na la baba yake.

Nenda salama, mwanangu.

Baba yako,
Yeremia